Mu Mbili za Mwalimu Jembe

Nimestaafu mwezi uliopita, baada ya maisha mazima nyuma ya mashine ya kuandikia na, miaka ya mwisho, mbele ya kompyuta. Wasichana wa ofisi waliniomba niwaachie maandishi kidogo kwa ajili ya wanaoanza kazi: namna ya kupanga mafaili, namna ya kusoma mwandiko mbaya, namna ya kuzungumza na mkubwa aliyeamka vibaya. Nilifurahi. Nilikuwa bado nafurahi wakati Neema, aliyerithi meza yangu, alipoongeza kwa sauti ya chini: "Na Mama, utuandikie pia juu ya Mwalimu Jembe. Wanasema wewe njo ulikuwa unamupigia karatasi zake."

Furaha ikaishia hapo. Nimewafundisha wasichana hawa kufunga barua, kufungua barua, kutambua sahihi ya kughushi, na wanachotaka kwangu ni Jembe. Basi niseme wazi tangu mwanzo, mtu asijisumbue kukisia. Nilimwonea wivu mtu huyo akiwa hai, nikamwonea wivu alipokufa. Leo hapa Masisi kuna kamati inayotaka shule mpya iitwe kwa jina lake, na kamati nyingine inayosema jina lile halitaandikwa kwenye ukuta wowote, nami nazionea wivu kamati zote mbili. Sijaona mtu akiunda kamati kwa ajili ya mpiga mashine.

Watu wakisikia mwanamke ana wivu na mwanaume, wanadhani ni mambo ya mapenzi. Hapana. Mapenzi yangekwisha.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua wenyewe. Naanza na siku ya kwanza, katika ofisi ya ushirika wa wakulima pale Masisi centre, chumba kimoja chenye paa la bati, ambapo mvua ikinyesha hakuna anayeweza kumsomea mwenzake barua. Papa Donatien, mpiga mashine wa zamani, alinipokea bila kunyanyuka. Alikuwa mfupi, amevaa mikono ya kitambaa cheusi juu ya mikono ya shati ili wino usiichafue. Alichukua katoni ya sabuni, akaikata upande mmoja, akaifunika juu ya mashine na juu ya vidole vyangu. Nikamwambia sioni herufi. Akaniuliza macho yangu ni ya nini. Nikajibu ni ya kusoma. "Basi yabaki kwenye karatasi," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Wiki tatu nilipiga nikiwa kipofu. Siku katoni ilipoondolewa, sikuhitaji tena kuiangalia mashine, na hata leo naona haya kidogo nikimwona mtu anapiga huku akiwinda herufi kwa kidole kimoja.

Wadogo zangu hamjui stensili. Ilikuwa karatasi yenye nta, unaitoboa kwa herufi za mashine bila utepe wa wino, halafu unaifunga kwenye roneo, mashine ya kutolea nakala, na kuzungusha mkono wa chuma. Nakala ya kwanza inatoka imepauka, ya pili imechafuka, ya tatu ndiyo inaanza kufanana na kazi. Ukikosea herufi, unapaka dawa nyekundu, unaipuliza mpaka ikauke, unapiga tena juu yake. Msimu wa mvua karatasi zilinyonya unyevu na kushikana, kwa hiyo tulizipanga juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na mmoja wetu alikaa karibu kunusa kama zinaungua. Stensili zilitoka Goma katika lori la Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka la misumari, chumvi na sabuni. Hakuwahi kuniuzia stensili bila kuuliza kitaandikwa nini juu yake, kana kwamba yeye ndiye atakayetia sahihi.

Papa Donatien alikuwa na sheria zake. Kila karatasi isomwe na watu wawili kabla ya kwenda kwenye roneo: mmoja anasoma kwa sauti mwandiko wa mwenyewe, mwingine anafuata kwa kidole yaliyopigwa. Mwandiko wa mwenyewe usitupwe, uwekwe katika katoni chini ya kabati. Na iliyo kubwa kuliko zote aliisema kwa Kiswahili chake cha Masisi: "Maneno ni ya mwenye kuandika. Wewe ni mashini ya pili." Ile ya katoni niliishika vizuri sana, kama mtakavyoona. Hii ya mwisho niliivunja kabla mwezi haujaisha.

Sababu ilikuwa Kiswahili changu. Nilikuwa nimekaa miaka kadhaa Uvira kwa mama mdogo, kwenye shule ya masista, na huko kulikuwa na sista mmoja aliyekuwa na kitabu cha sarufi chenye jalada la buluu na fimbo ya rangi yoyote iliyopatikana. Nilijifunza kwamba *muntu* ni *mtu*, *mutoto* ni *mtoto*, *njo* ni *ndiyo*, *ao* ni *au*, na kwamba *iko* haiwezi kubeba dunia nzima mgongoni. Nilirudi Masisi nikiwa na Kiswahili hicho kama mtu mwenye viatu vipya. Kila karatasi iliyopita mikononi mwangu niliiosha. Mkulima alileta *mu* zake kumi, akaondoka na karatasi isiyo na hata moja, akashangaa jinsi alivyo msomi. Mkuu wa ushirika alipenda. Papa Donatien alitikisa kichwa tu. Siku moja aliniambia nitaosha mpaka rangi itoke. Nilidhani ni wivu, kwa sababu wivu ndio niliokuwa naujua.

Jembe jina lake lilikuwa Anselme. Tulisoma pamoja shule ya msingi, dawati la mbele, mimi wa kwanza na yeye wa pili, kila mwaka, isipokuwa ule wa mwisho ambapo alinipita kwa nusu pointi ya hesabu. Mwaka ule ule kulikuwa na nafasi moja ya sekondari kwa watoto wa kilima chetu, na walimpa yeye. Sijui ni kwa ajili ya nusu pointi au kwa sababu alikuwa mwanaume. Walisema ni nusu pointi. Mimi nikapelekwa Uvira kujifunza kushona. Masista ndio waliogundua kwamba nashona vibaya na nasoma vizuri, wakanikalisha mbele ya mashine. Sisemi Anselme aliniibia kitu. Nasema tu kwamba alikaa mahali pangu, na alikaa vizuri.

Alirudi akiwa mwalimu, akafundisha Kashuga miaka michache, halafu akaacha chaki akaanza mambo ya udongo. Juu ya kilima kulikuwa na plantasio, shamba kubwa la kenkina, ule mti ambao maganda yake yanatoa dawa ya malaria. Mwenye plantasio aliishi mbali, muda wake wa kuikodi ardhi ulikuwa umekwisha, miti ilizeeka bila mtu kuikata wala kupanda mingine, na huku chini familia za wakulima zilikuwa zinagawia watoto mashamba yenye upana wa kitanda. Anselme alizunguka masokoni akiwa na jembe begani. Ndiyo asili ya jina. Hakupiga kelele. Aliongea kama mtu anayeuza vitunguu, watu wakacheka, halafu ghafla wakanyamaza wote.

Nilikwenda kumsikiliza mara moja, soko la Mweso, nikasimama nyuma ya wanawake wenye magunia ya maharagwe. Alisema: "Udongo haina kabuti. Baridi ikiipiga, ni wewe unaifunika na mbegu." Mwanamke aliyekuwa kando yangu alifuta macho kwa kona ya kitenge. Mimi nilihesabu makosa manne ya sarufi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yale kwa usahihi, *udongo hauna kabuti, baridi ikiupiga*, na kila niliporudia yalizidi kufa.

Karatasi zake alizileta kwetu, kwa sababu wakulima wa ushirika ndio waliokuwa watu wake. Papa Donatien alikuwa akizisoma kabla hajanipa, akicheka peke yake, na mara moja alisema bila kunitazama: "Huyu iko na mukono." Mimi nilikuwa nimekaa kando yake miaka. Kwangu alikuwa amesema nina vidole vizuri. Vidole.

Sasa nimtaje Mama Janviere. Alikuwa anafagia ofisi yetu. Baba yake aliletwa zamani kutoka mbali kumenya maganda ya kenkina, na familia za wamenyaji wote ziliishi katika kambi ndani ya plantasio, nyumba za mstari mmoja, kila moja na bustani yake nyuma. Mwenye plantasio alipoacha kulipa, bustani zile ndizo zilizowalisha. Kila msimu Janviere aliniletea maharagwe ya kwanza, yale laini, akiwa ameyafunga katika jani la mgomba. Hakuwa anajua kusoma. Karatasi zilizoanguka chini aliziokota kwa heshima na kuzirudisha juu ya meza, hata zile nilizokuwa nimezitupa makusudi.

Habari za kuingia katika plantasio zilipoanza kuvuma, Janviere aliacha ufagio akaniuliza: "Mama Vumilia, wakigawa plantasio, sisi watu wa kambi tutaenda wapi?" Nilimpelekea Anselme swali hilo, kwa maneno yale yale. Akasema jibu ataliandika katika karatasi ya maagizo ya kuingia, ili kila mtu alisikie. Kwa hiyo mstari wa saba wa karatasi ile ulitokana na swali la Janviere, na uliandikwa kwa sababu mimi niliuliza. Hilo hamtalisikia kwenye kamati yoyote.

Anselme alikuja asubuhi moja, nguo zimelowa, karatasi ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Papa Donatien alikuwa ameenda Mweso, binti yake alikuwa anajifungua. Nje uwanja ulijaa watu waliomngojea, na walipoingia mmoja mmoja kukwepa mvua hakuna aliyenisalimu. Anselme aliweka karatasi mbele yangu akasema: "Dada, andika vile niliandika. Usiongeze, usipunguze."

Angesema tu "andika," labda nisingeandika haya leo. Lakini alisema vile, mbele ya watu, kwa sauti ya mwalimu, yeye aliyekuwa wa pili. Nikaweka stensili. Nikaanza kuosha. Mistari sita ya kwanza ilikuwa na *mu* kumi na nne, nikazipunguza zote: *mulimaji* akawa *mlimaji*, *mutu* akawa *mtu*, *mu kambi* ikawa *kambini*. Mkono ulikuwa umeshika kasi. Mstari wa saba alikuwa ameandika:

*Watu wa kambi muwaache mu mashamba yao.*

Nikapiga:

*Watu wa kambi waache mashamba yao.*

Naapa nilikuwa najua alichotaka kusema. Kichwani mwangu niliusikia mstari ukisema kama anavyotaka: watu wa kambi, waache na mashamba yao, usiwaguse. Sista wa Uvira angekubali. Ukimwambia mtu mmoja asimsumbue mtu, si unamwambia *mwache*, na wakiwa wengi *waache*? Hivyo ndivyo nilivyowaza, kama niliwaza. Sikuona kwamba mtu asiye na kichwa changu angesoma kitu kingine kabisa: kwamba watu wa kambi wanaamriwa waache mashamba yao, waondoke. *Mu* zake mbili, moja ya "ninyi" na moja ya "ndani ya", ndizo zilizokuwa zimeushikilia mstari mzima. Mimi niliziona kama matope kwenye kiatu.

Alirudi kutoka uwanjani, akataka tusome pamoja kabla ya roneo, yeye kwa sauti, mimi kwa kidole. Nikamwambia karatasi yangu haihitaji kusomwa. Alicheka, akasema sawa dada, akarudi kwa watu wake. Nikazungusha mkono wa chuma mpaka bega likauma.

Siku ya kuingia, Anselme alikuwa upande wa pili wa plantasio, kwenye mto. Walioenda kambini walikuwa vijana, na waliijua kazi yao kwa karatasi. Mmoja alisimama mbele ya nyumba za mstari akasoma yote kwa sauti. Watu wa kambi waliposikia mstari wa saba wakamwomba asome tena. Akasoma tena, na ulikuwa vile vile. Nimeuliza wengi, na wote wanasema siku ile hakuna aliyepigwa. Haikuhitajika. Watu waliinama, wakakunja mikeka, wakafungua milango kwenye bawaba na kuibeba, na kabla ya jua kusimama katikati walikuwa barabarani, wengine kuelekea Lushebere, wengine Kashuga. Maharagwe yalikuwa bado hayajakomaa. Walioingia waliyang'oa hivyo hivyo ili wapime viwanja.

Siku tatu ofisi haikufagiwa. Siku ya nne Janviere aliingia, kwa miguu kutoka Lushebere, akachukua ufagio mahali pake. Nikamuuliza ilikuwaje. Alifagia mpaka mlangoni kwanza. Halafu akasema: "Mwalimu wenu alituandika. Niliisikia na masikio yangu. Waliisoma mara mbili." Alipotoka kumwaga takataka nikaitoa nakala katika faili, nikausoma mstari wa saba, safari hii kwa masikio yake.

Kesho yake Anselme alikuja. Hakusalimu. Aliweka karatasi juu ya mashine yangu, akaweka kidole kwenye mstari, akauliza kwa upole:

"Dada, mu yangu iko wapi?"

Nilikuwa na siku nzima ya kutayarisha jibu. Nililotoa ni hili: "Ile haikuwa Kiswahili."

Alivuta kiti cha Papa Donatien akakaa. Nikamwambia nina stensili mpya, tutoe karatasi ya kusahihisha, nitaweka jina langu chini, watu wa kambi watarudi. Nilimaanisha. Akatikisa kichwa. "Nikisema neno moja ilikuwa kosa, hata zile zingine watasema ni kosa. Na watu wamekwisha kuingia mu mashamba. Nitawaondosha mule na nini?" Nikasema na jembe lako. Hakucheka. Jumapili ile, kwenye mkutano, mtu mmoja alimuuliza habari za kambi, naye akajibu kwamba maneno yote ya karatasi ni yake. Walimpigia makofi.

Mnaosoma mtasema nilipaswa kushukuru, kwamba alinikinga. Papa Donatien, aliyekuja kujua, alisema hivyo miaka mingi baadaye. Sikushukuru. Kosa lile lilikuwa langu, kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa vidole hivi vizuri, na hata hilo akalichukua akalivaa. Nilimwonea wivu kwa kosa langu mwenyewe. Andikeni hilo kwenye ukuta wa shule.

Muda si mrefu askari walianza kumtafuta, akakimbilia Walikale, ndani ya msitu, na kutoka huko tulisikia habari za bunduki tu, za majembe hakuna. Mwaka mmoja baadaye ulitufikia mwandiko wake tena, ndani ya gunia la mawese lililopakiwa nyuma ya lori. Karatasi moja, mistari michache, *mu* zake zote mahali pake. Katikati paliandikwa: *Kila nyumba itoe kijana mumoja.* Papa Donatien alisoma kwa sauti, mimi nikafuata kwa kidole. Kwenye *mumoja* alivua miwani. Tulijua maana. Hakuna aliyesema tusiipige. Yeye alisema mashine haina mdomo. Mimi nadhani tuliogopa tu, sote wawili. Nilipiga herufi kwa herufi, sikuosha kitu, na tuliisoma mara mbili kama sheria inavyotaka.

Vijana walikwenda. Waliorudi ni wachache, na mmoja wao ananiuzia makaa mpaka leo akiwa na mkono mmoja. Kuna akina mama hapa Masisi ambao jina la Jembe likitajwa wanatema mate, na hawatemi kwa ajili ya kambi, wanatema kwa ajili ya karatasi ile. Wadogo zangu, hiyo ndiyo kazi yangu kwa kifupi: neno lake jema nililiharibu, neno lake baya nililipiga bila kosa hata moja.

Alifia Walikale, kwa risasi au kwa homa, inategemea anayesimulia. Tangu hapo kila mtu ana Jembe wake. Kuna kinyozi aliyemnyoa. Kuna mzee aliyemwazima baiskeli, na baiskeli hiyo inaonyeshwa kwa wageni. Wenye mashamba kwenye plantasio wanasema bila yeye watoto wao wangekufa njaa, na ni kweli, nimewaona watoto wale wakinenepa. Watu wa Lushebere wanasema ni mwizi wa bustani za maskini. Nimekaa katika mazungumzo hayo nikinywa chai yangu, nikiwaonea wivu hata wanaomtukana, kwa kuwa walijua wanachomtukania.

Kazi iliendelea. Papa Donatien alistaafu, na alipougua nilimtembelea Mweso. Alinipa mikono yake ya kitambaa cheusi. Akauliza kama katoni ya miandiko bado iko chini ya kabati. Nikasema ipo. Akasema: "Ile ya mustari wa saba, usiitupe." Kumbe siku aliporudi kutoka kwa binti yake alikuwa amezisoma zote mbili, mwandiko na nakala, kwa kidole, peke yake.

Halafu kompyuta ikaja. Niliandika barua yangu ya kwanza kwa Kiswahili changu cha masista, safi, bila doa, na mashine ikaipigia mstari mwekundu chini ya kila neno, kuanzia la kwanza hadi sahihi. Haikuwa inajua Kiswahili chochote, chetu wala cha Uvira. Nilicheka mpaka wakaja kuniangalia. Neema, mistari ile inazimwa kwenye mipangilio, usiiamini.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza muda wote huo, mwandiko ukiwa chini ya kabati, hatua mbili kutoka kwenye miguu ya Janviere, ambaye aliendelea kufagia pale miaka na miaka. Miaka ya kwanza ilikuwa woga. Hilo ni rahisi kusema na mtanihurumia. Baadaye hakukuwa tena na wa kumwogopa, na bado sikuutoa. Ukweli ni kwamba mstari ule ulipokuwa umesimama chini ya jina lake, Anselme alikuwa na doa ambalo mimi peke yangu nilibaki nikijua si lake. Hatimaye alikuwa wa pili. Nilitaka abaki pale.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mtu wa kamati inayopinga alileta nakala ya zamani ya ile karatasi ili Neema aitolee fotokopi kwa kila mjumbe. Mama Janviere, alisema, ataitwa kutoa ushuhuda. Neema akanionyesha: si ni mashine yako hii, Mama, herufi *a* imeinama? Ilikuwa yangu. Jioni, walipoondoka wote, nikapiga magoti mbele ya kabati. Panya walikuwa wamekula kona ya chini. Mstari wa saba ulikuwepo.

Nilikwenda Lushebere kwa miguu siku iliyofuata. Janviere alikuwa ameketi nje akipukuchua maharagwe ya kununua. Nikamwambia nina kitu cha kumsomea. Nikasoma mwandiko. Akasema: "Soma tena." Nikasoma tena. Akataka nisome na ile iliyotoka kwenye mashine. Nikaisoma.

"Tofauti ni mu mbili?"

"Ni mu mbili. Mimi niliziondosha."

Aliendelea na maharagwe. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo njiani.

"Yeye alijua?"

"Alijua siku ya tano."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Na wewe?"

"Sikusema."

Akapepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Basi mulikuwa wawili," akasema. "Mimi miaka yote ninalaani mutu mumoja."

Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba siku ya kamati atakwenda na atayasema majina yote mawili, na mimi niende na karatasi zangu nizisome mbele ya watu. Nikakubali. Maharagwe hakunifungia, na sikutarajia. Nilikuwa nimekwisha kufika barabarani ndipo nikageuka. Maisha yangu yote nilitaka jina langu liwekwe kando ya jina la Anselme, na sasa litawekwa, na bado kulikuwa na jambo moja lililobaki. Nilitaka kumuuliza ni jina la nani atalitaja kwanza.

Sikuuliza.